Majina Yaliyo Ndani ya Mabano

Kwenye kibandiko cha katikati cha santuri ndogo za miaka ya 1960, jina la wimbo liliandikwa kwa herufi nzito, jina la mwimbaji kwa herufi nzito vilevile, na baina ya hayo mawili, ndani ya mabano, kwa maandishi madogo yaliyohitaji mwanga wa dirishani ili yasomeke, yalikaa majina ya watunzi. Mjomba wangu alikuwa na rundo la santuri hizo nyumbani kwake Tanga, akizitunza kwenye boksi la viatu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba Holland-Dozier-Holland lilikuwa jina la kiwanda kilichozitengeneza, kwa sababu nililikuta kwenye santuri za waimbaji wasiofanana hata kidogo, wanawake kwa wanaume. Baadaye ndipo nilipojua kwamba walikuwa watu watatu: ndugu wawili, Brian na Eddie Holland, pamoja na mwenzao Lamont Dozier, na kwamba nyimbo 10 kati ya 12 zilizowafikisha The Supremes, kundi la waimbaji wa kike, nafasi ya kwanza nchini Marekani zilitoka mikononi mwao.

Urithi wa soul, muziki wa Wamarekani Weusi wenye mizizi ya kanisani, unapojadiliwa, mjadala huanza na sauti na kuishia kwenye sauti. Hutajwa Aretha Franklin, Otis Redding, Marvin Gaye, Al Green, na kila mmoja anastahili sifa anazopewa. Hata hivyo naamini kwamba anayeisikiliza soul kwa namna hiyo anaisikiliza nusu. Muziki huu ulijengwa na mafundi waliojifungia katika vyumba vidogo vya miji michache ya Marekani, wakibishana juu ya neno moja la kiitikio au pigo moja la dramu, na sehemu kubwa ya kile kinachoendelea kuimbwa, kunakiliwa na kuingiza fedha hadi leo ni kazi ya mikono yao. Na kwa kuwa fedha za muziki hufuata karatasi, historia ya soul haitenganishiki na swali la nani aliandikwa ndani ya yale mabano, nani aliachwa nje yake, na nani alikuja kuyanunua.

Tuuchukue wimbo ambao karibu kila mtu anaufahamu. "Respect" ulitungwa na kuimbwa na Otis Redding mwaka 1965, na katika toleo lake ni mwanamume anayerudi nyumbani kutoka kazini na kudai aheshimiwe. Tarehe 14 Februari 1967, katika studio ya Atlantic mjini New York, Aretha Franklin aliurekodi upya, akaugeuza kuwa dai la mwanamke, akaongeza ile sehemu ya kulitaja neno herufi kwa herufi ambayo Redding hakuwa nayo, na pamoja na dada zake akaweka vijibizano vya nyuma vinavyousukuma wimbo mbele. Wimbo wa Redding haukuwa na sehemu ya kati ya kupumzishia sikio. Mtayarishaji Jerry Wexler na wapiga ala wakaazima mfuatano wa sauti kutoka wimbo mwingine wa soul, "When Something Is Wrong with My Baby" wa Isaac Hayes na David Porter, na juu yake King Curtis akapuliza saksafoni. Kwa hiyo ndani ya dakika mbili na nusu tunasikia kazi ya watu wasiopungua kumi. Ndani ya mabano lipo jina moja tu, la Redding.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Nchini Marekani, wimbo unapopigwa kwenye redio ya kawaida, anayelipwa ni mtunzi pamoja na mchapishaji wa wimbo, yaani kampuni inayosimamia haki za utunzi; aliyeuimba halipwi. Aretha Franklin alifariki Agosti 2018 bila kupata mirabaha yoyote kutokana na mamilioni ya mara ambazo redio za nchi yake zilipiga sauti yake ikidai heshima. Simlaumu Redding, aliyekufa akiwa na umri wa miaka 26 na kuacha mjane na watoto, na utunzi wake ulistahili malipo. Ninachosema ni kwamba sheria haina jina la kuita kile alichokifanya Aretha siku ile. Alitunga juu ya utunzi, na sheria ikamhesabu kuwa mwimbaji aliyepita njia.

Ili kuelewa mtayarishaji wa soul alikuwa akifanya nini hasa, hakuna darasa zuri kuliko wimbo "I Heard It Through the Grapevine" wa kampuni ya Motown. Kampuni hiyo ilianzishwa Detroit na Berry Gordy mwezi Januari 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa familia yake, na kwa kuwa Gordy alikuwa amewahi kufanya kazi kiwandani kwenye mstari wa kuunganisha magari, aliijenga kampuni yake kwa mfano huo: watunzi katika chumba kimoja, wapiga ala katika kingine, na kila Ijumaa kikao cha kupima ubora ambamo nyimbo zilipigiwa kura kabla hazijaruhusiwa kutoka. Norman Whitfield na Barrett Strong walipoutunga wimbo huu, Whitfield aliurekodi kwanza na Smokey Robinson na The Miracles mwaka 1966, ukakataliwa. Mwaka 1967 akaurekodi na Marvin Gaye, ukakataliwa tena. Hakukata tamaa. Akauvunja, akaujenga upya kwa mwendo wa kasi wenye harufu ya kanisani, akawapa Gladys Knight na The Pips, na mwishoni mwa mwaka huohuo ukapanda hadi nafasi ya pili nchini Marekani.

Mtu mwingine angetosheka. Whitfield aliendelea kuamini kwamba ile rekodi ya Marvin Gaye iliyofungiwa kabatini ndiyo wimbo wenyewe. Usikilizeni mwanzo wake: kinanda cha umeme kinapiga hatua chache za kiza, tari inatikisika kama nyoka aliye kwenye majani makavu, kisha nyuzi za wapiga fidla wa Detroit zinaingia kwa mbali kama habari mbaya inayokuja. Gaye anaimba juu kuliko mahali sauti yake ilipozoea kukaa, kwa sababu Whitfield alimlazimisha afanye hivyo, naye alijua anachokitafuta: sauti ya mwanamume aliyesikia kutoka kwa watu kwamba mpenzi wake anamwacha haiwezi kuwa sauti iliyotulia. Rekodi hiyo iliingizwa kwenye albamu ya mwaka 1968, watangazaji wa redio wakaanza kuipiga bila kuombwa, Motown ikalazimika kuitoa kama santuri ya peke yake, nayo ikakaa nafasi ya kwanza kwa wiki saba. Maneno ni yaleyale, na tuni kimsingi ni ileile. Tofauti kati ya toleo la Knight na la Gaye ni uamuzi wa mtu mmoja juu ya mwendo, kimo cha sauti na kiasi cha ukimya, na uamuzi huo ndio kazi ya utayarishaji.

Mfumo huohuo wa kiwanda ulikuwa na watu wake wa gizani. Wapiga ala waliojulikana kama Funk Brothers walipiga katika nyimbo karibu zote kubwa za Motown za miaka ya 1960, na majina yao hayakuandikwa popote hadi albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, "What's Going On". James Jamerson, ambaye alilipiga gitaa la besi kwa kidole kimoja tu cha shahada, alibadilisha namna besi inavyopigwa duniani kote, na kwa zaidi ya miaka 10 vijana waliomwiga hawakujua wanamwiga nani. Wanawake nao walifichwa kwa namna yao. Stevie Wonder alipobalehe na sauti yake kuvunjika, kampuni ilifikiria kuachana naye. Aliyeomba apewe nafasi ya mwisho alikuwa mtunzi Sylvia Moy, ambaye alikaa na kijana yule, akakichukua kipande cha tuni alichokuwa akichezeachezea, na kukifanya "Uptight", wimbo uliomrudisha kwenye chati mwishoni mwa mwaka 1965. Valerie Simpson, pamoja na Nickolas Ashford, walileta "Ain't No Mountain High Enough" mwaka 1967. Majina ya hawa wawili walau yalipata umaarufu wao wenyewe baadaye. La Moy wengi bado hawalijui, na mimi nahesabu kutojulikana kwake kuwa deni.

Lakini moyo wangu uko Memphis. Mwaka 1960 Jim Stewart na dada yake, Estelle Axton, walihamishia kampuni yao changa katika jengo la sinema iliyofungwa kwenye barabara ya McLemore, na mwaka uliofuata wakaiita Stax kwa kuunganisha herufi za mwanzo za majina yao ya ukoo. Dada huyo alikuwa ameweka nyumba yake rehani ili mashine ya kurekodia inunuliwe. Viti vya sinema viling'olewa, lakini sakafu yenye mteremko iliachwa ilivyo kwa kuwa kuisawazisha kulihitaji fedha, na sauti ya dramu na tarumbeta ikapata mwangwi mzito ambao hakuna studio nyingine iliyoweza kuunakili. Pale mbele palipokuwa pakiuzwa vitafunio Estelle alifungua duka la santuri. Vijana wa mtaani walikuja kusikiliza, naye akiwa nyuma ya kaunta aliwauliza kwa nini wameupenda huu na kuukataa ule, kisha akawapelekea majibu waliokuwa ndani studioni. Sijui utafiti wa soko uliokuwa wa bei nafuu kuliko huo wala wa kweli kuliko huo. Mtaa ule ulikuwa wa Weusi, mji ulikuwa na ubaguzi wa rangi uliokuwa umeandikwa kisheria, na bendi ya nyumba, Booker T. & the M.G.'s, ilikuwa ya Weusi na Weupe pamoja.

Mtunzi mkuu upande wa gitaa alikuwa Steve Cropper, na mahali alipopenda kutungia palikuwa hoteli ya Lorraine, moja ya sehemu chache za Memphis ambako Mweusi na Mweupe waliweza kukaa chumba kimoja bila kusumbuliwa. Huko ndiko yeye na Wilson Pickett walikotunga "In the Midnight Hour" mwaka 1965, na huko ndiko yeye na Eddie Floyd walikotunga "Knock on Wood" usiku wa radi na ngurumo, ambazo ziliingia moja kwa moja katika maneno ya wimbo. Kwenye roshani ya hoteli hiyohiyo, tarehe 4 Aprili 1968, Martin Luther King aliuawa kwa risasi. Wakati wa kurekodi wimbo wa Pickett, Jerry Wexler alitoka chumba cha mitambo, akaanza kucheza katikati ya studio ili kuwaonyesha wapiga ala jinsi vijana wa kaskazini walivyokuwa wakicheza, wakiegemea pigo la pili na kulichelewesha kidogo. Cropper na mpiga dramu Al Jackson wakakifuata kiwiliwili chake. Tangu siku hiyo pigo la Stax likawa linachelewa kwa kiasi cha kope kupepesa, na ucheleweshaji huo ndio unaomfanya msikilizaji ainamie mbele kulisubiri.

Isaac Hayes na David Porter walikuwa jozi ya pili. Wimbo "Hold On, I'm Comin'" ulizaliwa pale Hayes alipomwita mwenzake aliyekuwa chooni, akajibiwa kwa maneno hayo, na Porter akatoka mbio akisema jina la wimbo limepatikana. "Soul Man" wa mwaka 1967 una chanzo kizito zaidi. Wakati wa machafuko ya Detroit mwaka huo, Hayes alisikia kwenye habari kwamba watu waliandika neno "soul" kwenye kuta za majengo ya Weusi ili yasichomwe moto. Ni watunzi wa namna hii waliolifanya neno hilo libebe maana zaidi ya aina ya muziki, na waimbaji wao, Sam na Dave, wakalipeleka mahali ambapo gazeti lisingelifikisha.

Otis Redding alirekodi "(Sittin' On) The Dock of the Bay" katika wiki zake za mwisho, akafa kwenye ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967. Cropper, ambaye alitunga naye wimbo huo, ndiye aliyekaa na kanda akiwa katika msiba ule, akaongeza sauti ya mawimbi na ya ndege wa baharini, na kuuacha mluzi wa mwishoni jinsi Redding alivyoupiga. Wimbo huo ulifika nafasi ya kwanza mwaka 1968, wa kwanza nchini Marekani kufika hapo baada ya kifo cha mwimbaji wake.

Mwaka huohuo ndio karatasi ilipozungumza. Mwaka 1965 Jim Stewart alikuwa ametia saini mkataba wa usambazaji na Atlantic bila kuuchunguza vya kutosha. Atlantic ilipouzwa kwa Warner Bros.-Seven Arts na Stax ikataka kuondoka, Stewart aligundua kwamba kwa mujibu wa kifungu kimoja cha mkataba huo, rekodi mama, yaani kanda za asili ambazo nakala zote hutolewa, za kila kitu ambacho Atlantic ilikuwa imekisambaza, zikiwemo za Otis Redding, zilikuwa mali ya Atlantic. Sam na Dave nao, waliokuwa wamekopeshwa tu, wakarudishwa. Kampuni iliamka ikiwa na jengo, wapiga ala na madeni, bila mgongo. Al Bell, aliyeisimamia tangu hapo, aliagiza albamu 27 zitengenezwe kwa wakati mmoja mwaka 1969 ili kampuni ipate akiba mpya ya nyimbo, na kutoka katika haraka hiyo ikapatikana "Hot Buttered Soul" ya Isaac Hayes, albamu ya nyimbo nne tu, mmojawapo ukizidi dakika 18. Mtunzi aliyekuwa amezoea kuwapa wengine nyimbo za dakika mbili na nusu alikaa mwenyewe mbele ya kipaza sauti na kuonyesha kwamba soul inaweza kupumua polepole kama mzee anayesimulia. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Oscar kwa wimbo wa filamu ya "Shaft", Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata katika kundi hilo. Stax ilifilisika Desemba 1975. Hayes alifilisika mwaka uliofuata, akiwa na deni la zaidi ya dola milioni 6, na katika kufilisika huko akapoteza hata mirabaha ya nyimbo alizokwisha kutunga. Mtu aliyetunga "Soul Man" alikuwa akiusikia redioni kama mpita njia yeyote.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 iliacha mlango mmoja wazi. Kwa nyimbo za kabla ya mwaka 1978, mtunzi au warithi wake wanaweza kuzirudisha haki zilizouzwa miaka 56 baada ya hakimiliki kuanza, wakifuata utaratibu wa taarifa uliowekwa. Ndiyo sababu miaka hii ya karibuni, nyimbo za kilele cha soul zikitimiza umri huo moja baada ya nyingine, familia za watunzi zimekuwa na shughuli nyingi na wanasheria. Septemba 2024, jaji wa Atlanta alitoa amri ya muda kuizuia kampeni ya urais kuutumia "Hold On, I'm Comin'" katika mikutano yake, baada ya warithi wa Isaac Hayes kufungua kesi. Hayes mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2008.

Philadelphia ilijifunza kutokana na makosa ya wengine. Kenny Gamble na Leon Huff walipoanzisha kampuni yao mwaka 1971, wao pamoja na Thom Bell walihakikisha kuwa kampuni ya uchapishaji wa nyimbo ni ya watu watatu hao wenyewe. Muziki wao ulikuwa laini na wenye nyuzi nyingi, na namna Earl Young alivyopiga dramu katika "The Love I Lost" mwaka 1973 ndiyo iliyofungua njia ya disko. Kuna wanaoidharau Philadelphia kwa utamu wake. Nadhani wanaikosea, maana utamu ule ulipangwa na watu waliojua bei ya kila noti.

Soul haikuwa mgeni asiyejulikana kwenye pwani yetu. Mombasa ilimtoa Slim Ali, aliyeimba soul kwa Kiingereza na bendi ya Hodi Boys. Dar es Salaam ilikuwa na wapenzi wake wengi kiasi kwamba mwezi Novemba 1969, katika kipindi kilekile cha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, mamlaka za mkoa zilipiga marufuku muziki huo katika mabendi na kumbi za dansi. Ninaelewa hofu ya taifa changa lililokuwa likitafuta utamaduni wake. Bado naona palikuwa na kosa la usikivu: waliopiga marufuku walitazama mavazi na mitindo ya nywele, wakati muziki wenyewe ulikuwa umetungwa na watu waliokuwa wakidai hadhi ya Mweusi, jambo ambalo Dar es Salaam ya wakati huo, makao ya wapigania uhuru, ililijua kuliko miji mingi.

Miaka mitano baadaye, tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974, Hugh Masekela na Stewart Levine waliandaa tamasha Kinshasa ambako James Brown, The Spinners na Bill Withers walipanda jukwaa moja na Franco, Tabu Ley, Abeti na Miriam Makeba. Namtaja Withers kwa makusudi. Alikuwa fundi wa kiwandani, akitengeneza vifaa vya vyoo vya ndege, alipokwenda kurekodi "Ain't No Sunshine" mwaka 1971, na mtayarishaji aliyemsimamia alikuwa Booker T. Jones wa Stax. Withers alirudia neno "najua" mara 26 mahali ambapo alikusudia kuandika ubeti wa tatu. Waliokuwa studioni, watu waliopikwa na Memphis, walimwambia aache hivyohivyo. Utayarishaji mara nyingine ni kuwa na macho ya kuona kwamba kilichokosekana hakihitajiki. Withers aliacha kurekodi albamu baada ya mwaka 1985 na kuishi hadi mwaka 2020, akitunzwa na nyimbo alizozitunga mwenyewe.

Wapo ambao hawakutunzwa. Kipande cha dramu alichokipiga Clyde Stubblefield katika "Funky Drummer" ya James Brown, kilichorekodiwa mwaka 1969, kimenyofolewa na kutiwa ndani ya nyimbo za hiphop zisizo na idadi, lakini mtunzi aliyeandikwa ni James Brown peke yake, na mpiga dramu huyo alifariki mwaka 2017 akiwa hajapata mirabaha ya kunyofolewa huko. Linganisheni na Ann Peebles. Mwaka 1973, mvua ilipomzuia kutoka nyumbani Memphis, alisema hawezi kuistahimili, na papo hapo yeye na Don Bryant, aliyekuja kuwa mumewe, pamoja na rafiki yao mmoja wakatunga "I Can't Stand the Rain". Missy Elliott alipokichukua kipande chake mwaka 1997, majina ya watunzi yalikuwapo ndani ya mabano, yakafuata. Msikilizaji wa Afrika Mashariki anayekumbuka ugomvi wa miaka mingi kuhusu nani hasa alitunga "Malaika" hahitaji kuelezwa uzito wa tofauti hiyo.

Nimemwacha Curtis Mayfield mwishoni kwa sababu ndiye aliyeshika pande zote. Alikulia katika nyumba za umaskini za Cabrini-Green, Chicago, akajifundisha gitaa kwa kulilinganisha na vibao vyeusi vya kinanda, jambo lililowafanya wapiga gitaa wengine wasiweze kulishika gitaa lake. Mapema katika miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi katika kundi la The Impressions, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha nyimbo, wakati watunzi wenye umri wa baba yake walikuwa wakiuza zao kwa bei ya kodi ya mwezi mmoja. Aliimba, akatunga, akatayarisha, akawatungia Gladys Knight na Aretha Franklin albamu nzima za filamu. Muziki wake wa filamu ya "Super Fly" mwaka 1972 uliingiza fedha nyingi kuliko filamu yenyewe, na ndani yake alithubutu kuihukumu biashara ya dawa za kulevya ambayo filamu ilikuwa ikiipamba. "People Get Ready" wa mwaka 1965 uliimbwa kwenye maandamano ya haki za raia. Bob Marley na wenzake, waliojifunza kuimba kwa sauti tatu kwa kuwasikiliza The Impressions, waliuchanganya na wimbo wao, na kwenye albamu ya mwaka 1977 jina likaandikwa "One Love/People Get Ready", na jina la Mayfield likawekwa pembeni ya la Marley. Kwa hiyo kila "One Love" unapopigwa kwenye daladala la Mbagala au matatu ya Kisumu, sehemu ya Chicago imo humo.

Mwezi Agosti 1990, katika uwanja wa wazi wa Brooklyn, mnara wa taa ulimwangukia Mayfield jukwaani kabla hajaimba, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Hakuweza tena kushika gitaa. Aliporekodi albamu yake ya mwisho, iliyotoka mwaka 1996, ilibidi alazwe chali studioni ili uzito wa mwili uyasaidie mapafu kuisukuma hewa. Aliimba mstari mmoja, akapumzika, akaimba mwingine, na mafundi wakaiunganisha mistari hiyo mmoja baada ya mwingine hadi wimbo ukatimia.